Serikali Itafute Watumishi Yenyewe au Ikodi Kampuni? Ulinganisho kwa Wanaotakiwa Kuamua

Nafasi imetangazwa mara mbili. Mara ya kwanza walioomba walikuwa wengi, ila hakuna aliyetimiza sifa. Mara ya pili wakapatikana wawili waliofaa, na wote wawili wakachukuliwa na mwajiri mwingine kabla barua zao za ajira hazijasainiwa. Kazi imelala, bodi inauliza, na kikaoni mtu anatoa wazo ambalo siku hizi halikosekani: tuwape kampuni ya kutafuta wafanyakazi, hiyo ndiyo kazi yao.

Wazo hilo si baya. Shida ni kwamba hutolewa bila kuuliza kampuni ipewe kipande kipi cha kazi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema, ili msomaji apime hoja zangu akijua nimesimama wapi: kampuni ya nje inaweza kuitafutia serikali watu, lakini haipaswi kuichagulia. Mpaka huo ukilindwa, kampuni ina faida ya kweli. Ukifutika, ama fedha za umma hupotea ama mwombaji asiyejulikana na mtu hufungiwa mlango.

Tunalinganisha nani na nani

Upande mmoja yuko mwajiri mwenyewe: idara ya rasilimali watu ya wizara au taasisi, au tume na sekretarieti zinazoajiri kwa niaba ya serikali nzima. Hutangaza nafasi, hupokea maombi, huchuja, husaili, hupanga alama na kuteua.

Upande wa pili una biashara nne tofauti, na anayezichanganya hukosea tangu kwenye zabuni. Kuna kampuni za kusaka viongozi na wataalamu adimu. Hizi hulipwa kwa awamu hata kama mtu bado hajapatikana, na kwa desturi ya biashara hiyo ada huzunguka theluthi moja ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Kuna mawakala wanaolipwa pale tu mtu wao anapoajiriwa. Ada yao huwa chini kidogo, kwa kawaida asilimia 15 hadi 25 ya mshahara huo, na nafasi moja yaweza kushindaniwa na mawakala kadhaa. Kuna kampuni za kuleta wafanyakazi wa muda, ambao hukaa kwenye meza za serikali ilhali mwajiri wao kisheria ni kampuni. Mwisho kuna kampuni kubwa zinazokabidhiwa mchakato mzima, tangu tangazo hadi siku ya kuripoti kazini, kwa mkataba wa miaka mingi.

Kwa nini serikali haiwezi kukodi kama mwajiri mwingine yeyote

Mwenye kiwanda akimwajiri mtoto wa rafiki yake, hasara ni yake. Serikali haina uhuru huo, kwa sababu nafasi ni ya wananchi na mshahara ni wa wananchi. Nchi nyingi zilijifunza hilo kwa uchungu. Uingereza, ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854 ilipendekeza watumishi wapatikane kwa mitihani ya wazi badala ya kujuana, na mwaka uliofuata ikaundwa Tume ya Utumishi wa Umma. Marekani ilichelewa. Julai 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyeamini kwamba chama kilichoshinda kilikuwa na deni la kumpa cheo cha ukonseli. Garfield alifariki Septemba, na Januari 1883 ikasainiwa Sheria ya Pendleton, iliyoanza kuzitoa kazi za serikali mikononi mwa wanasiasa na kuziweka kwenye mitihani. Kenya imeliandika jambo hilo ndani ya Katiba ya 2010: ibara ya 232 inautaja ushindani wa haki na sifa kuwa msingi wa kuteua na kupandisha vyeo.

Kwa hiyo tume hizi zilizaliwa kupambana na vimemo. Kampuni ya nje haiji na kimemo cha mwanasiasa, lakini inaweza kuja na kimemo cha aina yake: orodha ya watu inaowajua tayari. Ndiyo maana kuiingiza kampuni kwenye ajira ya umma kunahitaji masharti ambayo benki au kiwanda hakiyahitaji.

Kanuni zinazofaa kusomwa na kila anayefikiria kukodi ni za serikali kuu ya Marekani, sehemu ya 300 ya kanuni za utumishi. Zinaruhusu taasisi ya serikali kutumia kampuni ya kutafuta watu, au shirika la ajira lisilofanya biashara, pale mkuu wa taasisi anapoona kwamba wenye sifa ni adimu, au kwamba kampuni itawafikia wenye sifa ambao wasingepatikana kwa njia nyingine. Baada ya ruhusa yanakuja masharti. Pakiwa na malipo lazima uwepo mkataba wa maandishi. Kampuni itachuja kwa sifa za msingi zilizotajwa na mwajiri tu, na kila anayeonekana kuzitimiza ni lazima jina lake lifike serikalini. Haitamleta mwombaji iliyemtoza ada isiyoruhusiwa. Haitajitangaza kuwa mlango pekee, wala mlango mkuu, wa kuingilia serikalini. Na taasisi yenyewe inabaki na wajibu wa kuiacha nafasi wazi kwa waombaji wanaokuja kwa njia nyingine, na kuwapima wote kwa kipimo kimoja.

Sasa linganisha na kazi hiyo hiyo ikifanywa kwa ajili ya benki. Msakaji anaanza na majina mia, anapiga simu, anasikiliza, anauliza kwa wanaowafahamu, anaondoa, na mwisho anampelekea mteja majina manne. Sehemu kubwa ya thamani yake iko kwenye yale tisini na sita aliyoyaondoa, kwa kuwa amemwokolea mteja muda wa kuyapitia. Ukimwambia asimwondoe yeyote mwenye sifa za msingi, umemnyang'anya nusu ya ufundi wake. Unabaki na nusu nyingine: kujua watu walipo, kuwafikia, na kuwashawishi waombe. Kwa taasisi ya umma nusu hiyo ndiyo inayohitajika na ndiyo halali, na bei ijadiliwe kwa kuifuata. Ni kosa kulipia theluthi ya mshahara kwa huduma kamili ya msakaji halafu, kwa haki kabisa, kumzuia asiifanye nusu yake.

Pale ambapo sheria ya nchi iko kimya kuhusu kampuni hizi, masharti hayo hayo yanaweza kuandikwa kwenye mkataba. Hakuna kinachozuia.

Kutafuta: nani anaona mbali zaidi

Kwa nafasi za watu wengi, yaani walimu, wauguzi, makarani, madereva, hakuna ushindani. Mwajiri mwenyewe anashinda. Tangazo moja la serikali huleta maombi kwa maelfu, na kazi ngumu inakuwa kuyachuja kwa haki, si kutafuta waombaji. Kampuni ya kusaka haina la kuongeza hapo, na ikipewa kuchuja inakuwa imepewa kile kipande ambacho haikupaswa kukigusa.

Mambo hubadilika kwa mtaalamu wa usalama wa mitandao, mtaalamu wa hesabu za bima, daktari bingwa wa fani yenye watu wachache, au mtendaji mkuu wa shirika la umma. Watu hawa wana kazi tayari. Hawasomi matangazo ya nafasi za kazi. Afisa utumishi akiwapigia simu mwenyewe anaogopa, na ana sababu: kesho mtu atasema mshindi alipigiwa simu kabla ya tangazo. Kampuni inaweza kupiga simu hizo hamsini kwa utaratibu mmoja, ikaweka kumbukumbu ya kila aliyepigiwa, na ikawaelekeza wote kwenye tangazo lile lile. Hapa ndipo ninapoona faida ya wazi, na mwenye nafasi ya namna hii asisite kukodi kwa sababu tu ya mazoea.

Lakini kuna mambo mawili ambayo kampuni haitakuambia usipouliza. La kwanza ni orodha ya wasioguswa. Kampuni za kusaka hujifunga kutowachukua wafanyakazi wa wateja wao kwa muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Kampuni yenye wateja wengi kwenye sekta unayoitaka inaonekana kuwa na uzoefu mkubwa, na kweli inao, ila uzoefu huo huo umewafunga watu wengi unaowahitaji. Uliza kabla ya kusaini: ni taasisi zipi ambazo hamtagusa watu wake?

La pili ni hesabu ya ada yenyewe. Wakala anayelipwa asilimia ya mshahara, akiwa na mtaalamu mmoja mzuri na nafasi mbili mkononi, moja ya benki yenye mshahara mkubwa na moja ya serikali yenye ngazi ya mshahara isiyobadilika, atampeleka wapi kwanza? Si lazima awe mtu mbaya. Malipo yake ndiyo yanayomwelekeza huko. Kwa hiyo taasisi ambayo mishahara yake iko chini ya soko ilipe ada isiyofungamana na mshahara, iliyokubaliwa mapema kwa kila nafasi. Zaidi ya hapo, ngazi za mshahara wa serikali hazijadiliwi na kampuni. Kama watu wanakataa kwa sababu ya mshahara, kampuni itakuletea watu wengine watakaokataa kwa sababu hiyo hiyo, na utailipa.

Muda

Kampuni huahidi kasi, na kwenye kutafuta inaweza kweli kuleta kasi. Ila chukua jalada la ajira ya mwisho iliyochelewa, andika tarehe ya kila hatua, kisha tazama siku zilikwama wapi. Kibali cha kuajiri kilisubiri saini. Jopo la usaili halikukaa kwa sababu wajumbe walisafiri. Uhakiki wa vyeti ulirudi baada ya wiki nyingi. Upekuzi wa usalama ulichukua miezi. Katika hatua hizo kampuni haiwezi kupunguza hata siku moja, maana zote ziko ndani ya serikali. Na kuipata kampuni yenyewe ni zabuni, nayo ina kalenda yake.

Mwajiri mwenyewe anaweza kuokoa muda zaidi kwa kupanga tarehe za jopo kabla ya kutangaza nafasi, na kwa kuanza uhakiki wa vyeti kwa wote walioitwa kwenye usaili badala ya kumsubiri mshindi, kuliko atakavyookoa kwa mkataba wowote. Najua ushauri huu haupendezi kikaoni, kwa kuwa unarudisha kazi kwa waliokaa mezani.

Mchakato mzima ukikabidhiwa kwa kampuni

Hapa kuna kumbukumbu za wakaguzi wa serikali, nazo zinafundisha kuliko vipeperushi vya kampuni yoyote.

Novemba 2017 idara ya Marekani inayosimamia forodha na ulinzi wa mipaka iliipa kampuni ya Accenture Federal Services mkataba wa hadi dola milioni 297 kwa miaka mitano, ili ipatiwe watu 7,500, wakiwemo walinzi wa mpaka 5,000. Ukigawanya, ni karibu dola 40,000 kwa kila mtu. Desemba 2018 ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Usalama wa Ndani ilitoa tahadhari. Katika miezi kumi ya mwanzo zilikuwa zimelipwa takriban dola milioni 13.6, na waombaji walioshughulikiwa na kampuni hadi wakakubali kazi walikuwa wawili. Watumishi wa idara walikuwa wakitumika kufanya kazi ambazo kampuni ilikodiwa kuzifanya. Zaidi ya hilo, idara ilikubali kuihesabia kampuni sehemu ya waombaji bila kujali ni nani aliyewashughulikia. Mkataba ulisitishwa 2019.

Somo langu hapo halihusu kampuni moja. Sheria ya 2010 inawalazimisha waombaji wa kazi za ulinzi katika idara hiyo kupita kipimo cha kugundua uongo, na juu yake kuna uchunguzi mrefu wa historia ya mtu. Hatua nzito namna hiyo haziondoki kwa kubadilisha anayepokea fomu. Na malipo ya maandalizi ya kampuni yalitoka kabla watu hawajatoka.

Mfano wa pili ni wa jeshi la nchi kavu la Uingereza. Mwaka 2012 lilisaini na kampuni ya Capita mkataba wa ubia wa kuandikisha askari, wenye thamani ya pauni milioni 495 kwa miaka kumi. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi iliripoti Desemba 2018 kwamba lengo la askari na maofisa wa kudumu halikufikiwa hata mwaka mmoja tangu 2013, na pengo la kila mwaka lilikuwa kati ya asilimia 21 na 45 ya mahitaji ya jeshi. Mfumo mpya wa maombi kwa intaneti ulianza Novemba 2017, miezi 52 baada ya tarehe iliyopangwa. Mwaka 2017–18 asilimia 47 ya waombaji walijiondoa wenyewe njiani.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi. Karibu nusu ya vijana waliokuwa tayari kujiunga waliacha, na wengi walikuwa wamengoja kwa miezi. Vituo vya mitaani ambako kijana alikutana na askari ana kwa ana vilipunguzwa, na sehemu kubwa ya shughuli ikahamia kwenye simu na mtandao. Wakaguzi hawakuitwika kampuni lawama peke yake: jeshi nalo lilidharau ugumu wa kazi liliyokuwa likiikabidhi. Ukikabidhi mchakato ambao wewe mwenyewe hujauelewa, huwezi kuandika mkataba wake, wala huwezi kujua unapoharibika.

Kuna kitu kingine kinachopotea bila kuonekana kwenye hesabu. Idara iliyokabidhi ajira zote kwa miaka kumi hupoteza watu wake wanaojua kuajiri. Siku mkataba unapokwisha, taasisi haina wa kupokea. Marekani tovuti ya kazi za serikali, USAJOBS, iliendeshwa kwa miaka kadhaa na kampuni ya Monster. Ofisi ya utumishi ya serikali ilipoirudisha mikononi mwake Oktoba 2011, siku za mwanzo zilijaa hitilafu na malalamiko ya waombaji. Kuirudisha kulikuwa sahihi, kwa maoni yangu. Lakini kurudisha kitu ambacho umesahau namna ya kukiendesha kuna gharama, na gharama hiyo iingizwe kwenye ulinganisho tangu mwanzo.

Wafanyakazi wa muda

Hii ni njia inayotumika sana, na ndiyo inayoteleza kirahisi. Mhasibu yuko likizo ya uzazi, au kuna mzigo wa ghafla wa kazi. Kampuni inaleta mtu Jumatatu, analipwa na kampuni, na kazi inaendelea. Kwa haja ya muda mfupi hakuna njia ya ndani inayoweza kuishinda hii kwa kasi.

Hatari ni muda mfupi kugeuka kuwa wa kudumu. Kanuni za Marekani zimeweka ukomo: siku 120 za kazi kwa hali moja, na zikiongezwa zisizidi 240. Wafanyakazi hao hawaruhusiwi kushika kazi za usimamizi, wala kutumiwa kukwepa utaratibu wa kawaida wa kuajiri, wala kumwondoa mtumishi aliyepo. Pasipo ukomo kama huo matokeo huwa makubwa. Serikali kuu ya Australia ilipohesabu nguvu kazi yake ya nje kwa mwaka 2021–22, ikijumuisha wakandarasi, washauri na wafanyakazi wa kukodi, ilikuta wanalingana na karibu watu 54,000 wa kazi ya siku nzima, kwa gharama ya takriban dola za Australia bilioni 20.8. Kazi za serikali zilikuwa zikifanywa na watu ambao hawakupita kwenye ushindani wa wazi wa utumishi wa umma.

Nawafikiria pia wafanyakazi wenyewe. Mtu anakaa ofisi ya serikali miaka, anafundisha wageni wanaoajiriwa, na kila mwaka mkataba wake unasainiwa na kampuni asiyoiona. Hapati pensheni ya utumishi, hapandi cheo, na nafasi ikitangazwa anashindana kama mtu wa nje. Taasisi inayojiita ya umma isione hilo kuwa akiba.

Uchague lini

Ikiwa waombaji ni wengi na tatizo ni kuchuja, ajiri mwenyewe, na kama una fedha za ziada zitumie kwa wasimamizi wa usaili na mfumo mzuri wa maombi.

Ikiwa nafasi ni moja au chache, wenye sifa wanajulikana kuwa wachache, na tangazo la wazi limeshashindwa angalau mara moja, kodi msakaji. Mpe kazi ya kutafuta na kushawishi. Tangazo libaki wazi kwa wote, jopo libaki la kwako, na alama zipangwe na watu wako. Kama bajeti haitoshi ada ya msakaji, jaribu kwanza vyama vya kitaaluma na vyuo vikuu. Hivyo vinawajua wenye fani, na mara nyingi havidai ada.

Ikiwa pengo ni la miezi michache, chukua mfanyakazi wa muda, na siku hiyo hiyo fungua mchakato wa kumpata wa kudumu kama kazi ni ya kudumu. Usisubiri mkataba wa kwanza uishe.

Ikiwa watu wanakataa kwa sababu ya mshahara, mahali pa kazi au ucheleweshaji wa barua, usikodi mtu. Hakuna kampuni inayouza dawa ya hayo.

Mchakato mzima sioni sababu ya kuukabidhi, isipokuwa kwa taasisi mpya isiyo na idara kabisa, na hata hapo kwa muda mfupi huku idara ikijengwa. Hili najua wapo watakaolipinga, hasa waliochoshwa na maombi elfu kumi kwa nafasi ishirini. Nawaelewa. Lakini maombi elfu kumi yanahitaji makarani na mfumo, vitu ambavyo serikali inaweza kuvinunua bila kuuza pamoja navyo haki ya kuchagua.

Neno kwa mwombaji

Ukipigiwa simu na kampuni kuhusu nafasi serikalini, itafute nafasi hiyo kwenye tovuti rasmi ya taasisi au tume. Kama haipo huko, iulize taasisi yenyewe. Usilipe chochote. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unasema kama kanuni ya jumla kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Na kuitwa na kampuni hakukupi alama ya ziada kwenye usaili. Anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu kisicho chake.

Mkataba ukiandikwa

Ukishaamua kukodi, mambo machache yasikosekane. Kampuni itaje taasisi ambazo haitagusa watu wake. Itaje kama ina mteja anayesimamiwa na taasisi yako, au anayeiuzia taasisi yako bidhaa, kwa sababu mgongano wa maslahi wa namna hiyo haurekebishiki baada ya uteuzi. Ada iwe kiasi kilichotajwa, na sehemu yake kubwa ilipwe mtu anaporipoti kazini. Wakati huo huo iwekwe wazi kwamba waombaji waliokuja wenyewe hawahesabiwi kuwa wa kampuni, hata kama jina lao limo kwenye kanzidata yake. Mteuliwa akiondoka ndani ya miezi sita au mwaka, kampuni itafute tena bila ada mpya.

Taarifa za waombaji ziwe mali ya taasisi. Kampuni isizitumie kwa wateja wake wengine bila idhini ya mwombaji, na mkataba ukiisha izifute na kuthibitisha kwa maandishi. Orodha ya kila aliyepigiwa simu, kila aliyeomba kupitia kampuni na kila aliyeonekana hajatimiza sifa za msingi, pamoja na sababu, ikabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho. Mwombaji aliyekataliwa akikata rufaa, atakayesimama kujibu ni taasisi, na itajibu kwa kutumia karatasi hizo.